Kifimbo Kinachonusa Nia

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wangu wote na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kimetundikwa ukutani, kwamba Nairobi kuna kifimbo kinachonusa nia ya mtu. Si cha mganga. Ni kifimbo cheusi cha plastiki, urefu wake kama mwiko wa kusongea ugali, na walinzi wanasimama nacho kwenye milango ya maduka makubwa, benki, hoteli, hata makanisa. Mtu akitaka kuingia, mlinzi anampitishia mabegani, kiunoni, miguuni. Aliyekuja kununua sabuni, kifimbo kinamnyamazia. Aliyekuja na ubaya moyoni, kinalia.

Habari hizo nilizipata shuleni. Nilisoma shule ya jioni pale Biharamulo mjini, mtu mzima na ndevu zangu, mchana nashona nguo barazani kwa watu, jioni najibana kwenye dawati la watoto wa darasa la nne. Magoti yalikuwa yananifika masikioni. Niliyekaa naye alikuwa utingo wa lori, mzaliwa wa Nyantakara, na yeye magoti yake yalimpita masikio. Alikuwa anapotea darasani wiki nzima, kisha anarudi ametoka Nairobi, na mwalimu wa historia akianza kueleza mambo ya zamani, sisi nyuma huko tunaelezana ya leo.

"Kinalia vipi?" nilimuuliza.

"Kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Kuna bwana alikuwa mbele yangu, kilimlilia mpaka akavua mkanda. Akabaki ameshika suruali kwa mkono."

"Alikuwa amefanya nini?"

"Nitajuaje mimi? Kinachojua ni kifimbo."

Sasa wewe unacheka, lakini jiweke mahali pangu. Fizikia tulisoma bila maabara. Sumaku niliiona ubaoni, imechorwa kwa chaki kama kiatu cha punda, na mwalimu akatuambia ina nguvu isiyoonekana kwa macho. Mtu aliyekubali hilo bila kuona, atashindwaje kukubali la kifimbo? Tena neno lenyewe lilinisaidia. Utingo alisema kinalia. Redio inalia, kengele inalia, lakini mtu pia analia. Kikimlilia mtu, nilijua kinamsikitikia, kama unavyomlilia ndugu aliyeharibika.

Ningeyasahau hayo yote kama si dada yangu.

Dada yangu huyu, ambaye mimi nimemtangulia kuzaliwa, aliolewa na dereva wa lori Mkenya. Walionana Kasulo, pale malori yanapopumzika yakielekea mpakani Rusumo. Yeye alikuwa anauza chai na maandazi, na shemeji alikunywa chai kiasi kwamba watu walidhani ni mgonjwa. Wakaoana, akamchukua mpaka Nairobi, wakapanga chumba katika mtaa unaoitwa Ngara. Ndiyo, Ngara. Msichana ametoka wilaya yetu ya Ngara akaenda mtaa wa Ngara. Nyumbani kwetu Nyakisasa watu walifurahi sana, walidhani ni tawi letu.

Huko akapata kazi. Mama alipouliza ni kazi gani, dada akajibu kwenye simu kwamba ni ya kukaribisha wageni dukani. Baadaye ikajulikana kwamba anawakaribisha kwa kifimbo. Ni mlinzi wa mlangoni.

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Mji ule umewahi kupigwa na magaidi, zaidi ya mara moja, na redio zetu zilitangaza, na mama redio anaisikiliza. Alikaa na habari ile mpaka nilipofika nyumbani siku ya mapumziko. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu wa ubaya akija, wa kwanza kukutana naye ni mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona faida ya kusoma. Nikavuta kigoda, nikamweleza habari za kifimbo tangu mwanzo. Nikaongeza na ya kwangu kidogo, maana elimu isiyoongezwa inadumaa. Nilimwambia mtu mbaya akiwa bado ng'ambo ya barabara kifimbo kinaanza kutetemeka mkononi mwa dada, anakuwa na muda wa kumaliza chai. Nilimwambia kwamba wezi wa Nairobi wote wamehamia mashambani kwa ajili ya kifimbo hicho.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Ee," akasema.

Nikarudi Biharamulo nimeridhika kabisa. Jambo moja tu lilinishangaza miezi ile. Mama aliingiwa na mapenzi ya simu. Kila asubuhi, wakati maduka ya Nairobi yanafunguliwa, alimwomba jirani ampigie dada. Jioni, yanapofungwa, tena. Wakiongea walikuwa hawana la maana: umeamka, nimeamka, umekula, nimekula. Nilisema moyoni, wazee wakionja teknolojia hawaachi.

Mwaka mmoja nikafunga cherehani nikaenda kumwona. Nilitaka kuona mji, lakini nisiwe mnafiki, nilitaka zaidi kuona kifimbo.

Kilichonivutia Nairobi si maghorofa. Ni namna watu wanavyoishi na ile hofu kama sisi tunavyoishi na mvua. Hawaizungumzi. Lakini mtu akikaribia mlango wowote mkono wake unafungua begi wenyewe, kabla hajaambiwa, kama mkono wa mtoto wetu unavyokwenda kichwani kusema shikamoo. Anainua mikono pembeni huku anaongea na simu, amejitandaza kama sanamu la kufukuzia ndege shambani, anakaguliwa, anaishusha, anaendelea na umbea wake pale alipouachia. Niliona wanaume wawili wanabishana habari za mpira, mikono yote minne hewani. Nilimuuliza dada kama hawachoki. Akasema, "Kaka, nyie mnachoka kufunga mbuzi jioni?"

Chumbani kwake, hapo Ngara, kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kiti kinachotazama mlango ni chake. Ya pili aliniambia kabla sijavua viatu.

"Ukikuta begi halina mwenyewe, usiliguse. Usilisogeze. Usimpokee mtu mzigo. Ondoka hapo, kisha uniambie."

"Hata mzigo wa mzee?"

"Hata wa mzee."

"Hata wa mama mjamzito?"

"Kaka, umenisikia."

Nilimsikia. Lakini malezi nayo yana masikio yake. Kesho yake nilikwenda kumtazama kazini. Nimesimama ng'ambo ya barabara, najiandaa kiroho kukutana na kifimbo, mara gari likasimama akashuka bibi kizee na begi linalomzidi uzito. Kwetu ukimwacha mzee na mzigo mbele ya macho yako, watauliza umelelewa na fisi gani. Miguu ikaenda yenyewe. "Shikamoo bibi, nikupokee!" Kabla hajajibu nilikuwa nimeshabeba, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikaona heshima ni kulifikisha begi kivulini, yaani mlangoni kwa dada, kwa mwendo wa haraka.

Fikiria sasa jinsi watu wa pale walivyoona. Mwanamume mgeni, anakimbilia mlango wa duka, begi kubwa, na nyuma yake mwenye begi anapiga kelele. Watu walitawanyika kama vifaranga walioona kipanga. Mwanamke mmoja aliacha viatu vyake vyote viwili. Mlango mzima ulibaki mtupu, amesimama dada yangu peke yake, na uso aliokuwa nao sijawahi kuuona tangu utoto wetu.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Kaka, weka chini, rudi nyuma!"

Niliweka. Nilirudi nyuma mpaka karibu niangukie barabarani. Bibi akafika, anahema, akafungua zipu mbele ya watu. Unga, sukuma wiki, na picha ya harusi ya mjukuu.

"Huyu jamaa," alisema kijana mmoja huku anaokota simu yake, "ata magaidi hawajafika, yeye ashatumaliza na presha."

Dada hakucheka. Alimwomba bibi radhi kwa Kiswahili chetu cha shule, kirefu na kilichopigwa pasi, ambacho wenyeji wa pale walikuwa wanakipenda mno. Watu walikuwa wanarudi mlangoni mara ya pili ili aseme tena "samahani ndugu, naomba unifungulie begi lako." "Sema tena, madam," walikuwa wanamwambia. "Wewe ni wa Tanzania, ama?" Bibi akamsamehe. Mimi nikaambiwa nipange foleni kama wengine.

Wanaume wanakaguliwa na mlinzi wa kiume. Alikuwa kijana mnene mpole, amesharudi kusimama pembeni ya dada. Alipokiinua kifimbo nikaanza kutoka jasho. Kilipita begani, kimya. Kifuani, kimya. Kilipofika mfuko wa suruali kikalia.

Nikaungama. Mbele ya dada yangu na foleni iliyokuwa ndefu kama kutoka pale mpaka Rusumo, nilisema kwamba vipande vya vitenge vinavyobaki kwa wateja siwarudishii, nashonea foronya. Nilisema kwamba shati la mwenyekiti wetu wa mtaa halikuliwa na panya, lilichomwa na pasi. Kijana mnene alinitazama, akanitazama tena, kisha akaingiza mkono mfukoni mwangu akatoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Akauweka kwenye bakuli. Akapitisha kifimbo upya.

Kimya.

Wewe ungehitaji ushahidi gani tena? Nimeungama, kimenyamaza.

Dada alikuwa amegeuka ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Jioni, chumbani, alinitaka nimweleze vizuri nilichokuwa nafikiri. Nikamweleza yote, utingo, sumaku, na jinsi nilivyomfundisha mama. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha ghafla.

"Na mama anaamini?"

"Kabisa. Nimemsomesha mwenyewe."

Akakaa anatazama mlango.

"Basi mwache aamini hivyohivyo," akasema. "Usimbadilishie."

Nilichukua ile kama sifa ya ualimu wangu.

Nilimuuliza mengi usiku ule kabla ya chakula. Nilitaka kujua anafikiri nini akiwa pale mlangoni kutwa. Akasema hafikirii, anasalimia. Kila anayepita anamsalimia, na asiyeitika anamwangalia mara mbili. Nikasema kwetu asiyeitika salamu ni mjeuri tu. "Huku pia wengi ni wajeuri tu," akasema. "Lakini inabidi niwaangalie."

Niliporudi Biharamulo, hadithi niliimwaga barazani. Baraza ninayoshonea ni ya duka la mzee mmoja Mwislamu. Babu yake alitoka pwani na biashara, yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa, Kisubi, lugha ya huku, anakizungumza kunipita. Alinisikiliza huku anapima sukari.

"Mimi nilikwenda huko kumwona binti yangu," akasema. "Kilinililia mara tatu. Wakaitana, wakanipekua upya, wakaniweka pembeni na kanzu yangu."

Nikaiangalia ile mizani yake. Wateja walikuwa na maneno yao kuhusu mizani ile, na sasa kifimbo cha Nairobi kimethibitisha.

"Unaangalia nini, fundi?"

"Hapana, mzee. Najiuliza tu. Labda kulikuwa na jambo moyoni."

"Jambo moyoni!" Akaweka kijiko chini. "Wewe shule ya jioni walikuwa wanawasha taa au mlisoma gizani? Yule kijana aliiona kofia yangu kabla hajakiinua hicho kifimbo. Waliokuwa mbele yangu kiliwalilia pia, wakaambiwa pita."

Kisha akaendelea kupima sukari. Mkewe, aliyekuwa ndani, akauliza nani anagombana. "Hakuna," akajibu, "ni fundi anataka kunisilimisha tena." Nilicheka, na yeye akacheka, lakini yale ya kofia nilikwenda nayo nyumbani. Nilijaribu kuyafikiri kwa njia ya sumaku, hayakukaa.

Basi tukaendelea kuishi, mpaka siku ya begi jingine.

Siku hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani Nyakisasa, nimekuja kusaidia kuvuna. Habari zilitoka kwenye simu ya mtu, zikapita kwenye makundi ya mitandao kwa kasi kuliko pikipiki: kuna begi linashukiwa kuwa na bomu, Ngara, barabara imefungwa, watu wanahamishwa. Ngara! Kijiji kilisimama. "Mawe!" wanawake waliita, ndivyo tunavyomwita mama tukishtuka. Waendesha bodaboda wakagoma kwenda mjini. Mtu mmoja alikuwa ametoka Ngara mjini muda huohuo, na anasema hakuona kitu, lakini nani atamwamini, huyo si ametoka hukohuko? Wakamwomba asimame mbali kidogo. Jirani yetu alitaka kuficha mbuzi. Mwalimu mstaafu akaeleza kwamba magaidi wanautaka mpaka. Ilifika mahali nikahesabu kwamba magaidi wameshakuwa wengi kuliko wakimbizi wote tuliowahi kuwapokea.

Kisha kijana mmoja akasoma ujumbe mpaka chini. Akacheka.

"Jamani, ni Ngara ya Nairobi!"

Ungeona watu walivyopumua. "Aa, kumbe ile!" "Kumbe si yetu!" Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaitishwa mapema, yule wa mjini akasogezwa karibu akapewa kiti, bodaboda zikawaka. Kijiji kizima kilirudi kwenye kazi zake kwa furaha ambayo sijaiona hata sikukuu.

Ila mama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, na kila mtu alipokuwa anashangilia kwamba ni Ngara ile nyingine, yeye ndipo alipokaa chini.

Tulipiga simu ya dada. Haipatikani. Shemeji alikuwa njiani na lori, naye hajui. Tulipiga tena, tukapiga, mpaka simu ya jirani ikaisha salio na chaji. Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, kifimbo kipo. Maharage yalikuwa yamemwagika kwenye vumbi na hakuyaokota, na mama yangu ni mtu anayeokota punje moja.

Mchana dada akapiga kwa simu ya mtu mwingine. Hakuwa kazini, alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya mapumziko. Polisi waliwaambia watoke mtaani, akatoka na ndala ya mguu mmoja, simu ikabaki kitandani. Begi lilikuwa la mitumba. Mwenyewe alikwenda kunywa chai akalisahau.

"Njoo nyumbani," mama akasema, akarudisha simu.

Dada akaomba likizo akaja. Tukamwona sasa kwa macho yetu jinsi mji ule ulivyomwingia. Jumapili kanisani, alipofika mlangoni aliinua mikono na kufungua begi mbele ya mzee wa kanisa. Yule mzee akadhani ni sadaka inayotaka kutoka kabla ya wakati wake, akachungulia ndani, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, lakini subiri kapu lipite." Siku nyingine tulikuta mfuko wa mihogo uani kwetu, hauna mtu. Dada aliwashika watoto wa jirani mikono, akawaburuta mpaka nyuma ya migomba, kimya, bila kuwaeleza. Mwenye mihogo alikuwa amekwenda chooni. Sisi tulicheka. Mama hakucheka, aliwatazama wale watoto na mikono ya dada iliyokuwa bado imewashika.

Likizo ikaisha. Kazi yake ilikuwa inangojewa na watu wengi, asiporudi kwa siku aliyoahidi, mlango unapewa mwingine. Na kule ana nyumba yake, ana mume, ana maisha aliyoyajenga. Lakini asubuhi ya safari, begi liko tayari, mama alikuwa ameketi jikoni na ungo wake na hakuinuka.

Kwetu mtu wa safari ndefu hajiondokei. Mwenye nyumba ndiye anayeinuka kwanza, anakusindikiza mpaka barabarani, hapo ndipo safari inapoitwa safari. Ukiondoka hujasindikizwa, umetoroka au umefukuzwa. Dada aliketi kwenye kizingiti, begi mapajani. Hakuwa tayari kutoroka. Gari la kwenda Biharamulo, la kumuunganisha na basi la Mwanza, lilikuwa karibu kupita.

"Mama, nitachelewa."

"Chelewa."

"Watampa mtu mwingine."

"Wampe. Na yeye ana mama yake."

Nikaona mambo yamefika kwenye uwezo wangu. Nikasimama katikati ya jiko, moshi unaniuma macho, nikatoa hotuba ambayo naamini ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilianza na sumaku. Nikaeleza ya kuungama kwangu na jinsi kifimbo kilivyonyamaza, ushahidi wa macho yangu mwenyewe. Nikasema mtu mwenye bomu hawezi kukaribia mlango wa dada, kifimbo kitalia mpaka kisikike Mombasa. Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikuwa anachambua.

Nilipomaliza, mama hakunigeukia mimi. Alimgeukia dada.

"Wewe. Huyo mtu akija mlangoni kwako, utafanya nini?"

Dada alinitazama, akatazama mafiga.

"Nitapiga yowe, mama. Watu wakimbie."

"Na wewe?"

"Mimi?" Dada akainua uso. "Mimi nitakuwa mbele yao! Hicho kifimbo nitakitupa palepale. Hawajaniajiri nife. Wewe mbio zangu unazijua."

Mama alimwangalia. Kisha kitu kikamponyoka, kicheko kifupi cha puani.

"Nazijua. Siku ya nyuki ulinipita, mimi nikiwa na mtoto mgongoni."

"Ulikuwa unaniita nikungoje!"

"Na hukungoja."

"Sikungoja, mama. Na huko sitangoja mtu."

"Apa."

Dada akalamba kidole, akakipitisha shingoni, kama tulivyokuwa tunaapa utotoni. Mama akaweka ungo chini. Akatafuta khanga yake ya kutokea, akajifunga. Begi la dada akalichukua yeye, akajitwika. Nilipotaka kumpokea akanisukuma mkono.

Tulikwenda mpaka barabarani. Gari lilipotokea, mama alimkabidhi dada begi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia awasalimie wa huko. Dada akapanda. Nilimwona kupitia dirishani anachagua kiti, akakaa kile kinachotazama mlango. Gari likaenda, vumbi likatulia.

Tukaanza kurudi. Mimi nilikuwa na furaha kubwa, maana nilijua ni nani aliyeinusuru safari ile.

"Umeona, mama," nikaanza. "Jambo likielezwa kitaalamu, moyo unatulia. Kile kifimbo..."

"Mwanangu," mama akasema, "kile kifimbo kinasikia chuma tu."

Nikasimama. Yeye hakusimama, ikabidi nimkimbilie.

"Nani amekwambia?"

"Askari. Uwanja wa mpira Ngara yetu hapa, siku alipokuja mgeni mmoja wa serikali, tulikaguliwa wote. Kililia hapa." Akajigusa kiunoni. "Nikamuuliza, kinanililia nini, nimemkosea nani? Akasema, mama, una pini kwenye khanga. Nikaitoa, kikanyamaza."

"Lini hiyo?"

"Wewe ulikuwa hujaenda Nairobi."

"Na mimi siku zote nakueleza habari za nia!"

"Ulikuwa unaeleza vizuri."

Tulitembea kidogo. Nilikuwa natafuta pa kushika, hata pembeni.

"Kwa hiyo nia hakinusi? Hata kidogo?"

"Hakinusi," mama akasema. "Chuma, mwanangu. Chuma tu."